Aliyengoja Sakafu Ikauke

Miaka kumi na tisa Mama Deki alipiga deki korido ya wodi ileile, na miaka yote hiyo watu waliikanyaga kabla haijakauka. Paka wa jikoni angalau alifukuzwa. Yeye hata hilo hakulipata. Alipomzika mwanawe wa pekee, alikosekana kazini siku nne. Aliporudi, msimamizi alimwuliza jambo moja tu: ufunguo wa stoo uko wapi? Akaapa moyoni kwamba mwisho wa mwezi anaacha kazi, na baada ya hapo potelea mbali, hata kuishi hakuona sababu.

Asubuhi hiyohiyo mgonjwa wa kitanda cha sita, mzee wa kutembelea fimbo, alikuwa akienda chooni. Alipoona korido imelowa, akasimama mlangoni.

"Pita tu, baba. Nimezoea."

"Umezoea ubaya, mwanangu. Nitangoja. Siku nne hizi sakafu ilikuwa inanata sabuni, nikajua hupo. Kulikoni?"

Mama Deki akaegemea ukuta, akalia kwa mara ya kwanza tangu mazishini. Mzee hakuondoka; akaegemea fimbo yake.

Tangu hapo alingoja kila asubuhi. Mwisho wa mwezi ukapita, Mama Deki hakuacha.

Jumatatu moja akakuta kitanda cha sita kimetandikwa shuka jipya, na fimbo haipo. Hakumwuliza mtu. Alipiga deki korido nzima, kisha akasimama mlangoni pale pale pa mzee, akangoja ikauke, huku wenzake wakipita na kukanyaga.