Wimbi Pweke la Mfereji wa Kilole

Siku yangu ya kwanza kazini, Bwana Mhandisi, Mjerumani mwenye haraka, alinikabidhi saa ya mfukoni akanionyesha nguzo tatu kando ya mfereji uliopeleka maji kwenye mashine ya mkonge, hapa Korogwe. Nilikuwa nimetoka Mazingara, najua kusoma na hesabu, basi nikaandikwa mpima maji.

Kazi ilikuwa hivi. Lango likifunguliwa ghafla, maji husukumana, huinuka nundu moja laini isiyovunjika, ikasafiri peke yake. Hilo ndilo wimbi pweke. Mimi nilisoma kimo chake kwenye kila nguzo na kuandika muda.

Nguzo ya kwanza, shibiri moja. Ya tatu, karibu shibiri ileile.

"Umekosea," alisema Bwana Mhandisi. "Wimbi hulala njiani."

"Hili halilali, bwana."

"Pima tena!"

Nilipima mara kumi na moja. Mara kumi na moja akazikata namba zangu kwa wino mwekundu. Nikamwomba walau lango lifunguliwe polepole, maana wanawake wa kijiji cha Kilole walifua nguo mferejini kule chini. Akanijibu kwamba sikuajiriwa kuwaza.

Akaja Bwana Mkaguzi kutoka Tanga, na lango likainuliwa kwa mkupuo ili aone nguvu ya maji. Nundu ilipanda kuliko siku zote, na wimbi hilo kadiri linavyopanda ndivyo linavyokimbia. Nilikimbia nalo ukingoni nikipiga kelele; likanipita. Wafuaji wengine waliruka kando. Bi Mwanaidi, aliyesimama katikati ya maji, lilimbeba hadi kwenye mawe ya daraja. Tulimtoa hai, mguu umevunjika.

Bwana Mhandisi akafungua daftari langu. "Mbona hukuniambia?"

Mungu anisamehe nilivyomtazama.

Baadaye alipata kitabu kutoka kwao. Kumbe wataalamu walishaliandika: jumlisha kina cha maji na kimo cha wimbi, zidisha kwa mvutano wa dunia, tafuta kipeuo cha pili, hiyo ndiyo kasi. Namba zangu zilikaa sawasawa. Alifurahi kana kwamba kazipima yeye!

Nikaenda Kilole.

"Shikamoo, mama. Nilimwambia Mzungu mara kumi na moja."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bi Mwanaidi. "Na sisi ulituambia mara ngapi?"



Wajerumani waliondoka, nikatumikia wahandisi wengine watatu. Kila mara kabla ya lango kufunguliwa nilitangulia kwa miguu kuwaonya wafuaji, nao wahandisi wakanung'unika kwamba nachelewesha kazi. Sasa nimestaafu. Vijana mkitaka kanuni nitawapa, ni fupi. Ila hasira niliyombebea Bwana Mhandisi miaka yote hiyo, nusu yake ilinistahili mimi mwenyewe.