Watoto Wawili wa Twiga

Hapana mama, kuangalia swala ni kazi. Umesema nimezubaa porini mwaka mzima wakati wenzangu niliomaliza nao kidato cha nne wako chuo cha ualimu. Kesho mkataba wangu wa hifadhini unaisha, nisaini tena au nirudi moja kwa moja nyumbani. Umeondoka kwenda kwenye shamba la tangawizi umenuna, sasa naandika.

Siku ya kwanza nilipangwa doria, yaani kuzunguka kukagua, kwenye gari la mhifadhi kiongozi. Shikamoo, marahaba, akanipa redio ya upepo niwataarifu wa getini nikiona mnyama. Mimi mtoto wa mlimani najua mbuzi na tumbili wa kwenye mahindi. Nikaona vichwa viwili juu ya vichaka, shingo ndefu. Nikaripoti: watoto wawili wa twiga, mama yao haonekani. Mara mmoja akashusha miguu ya mbele chini, akawa na kimo cha mbuzi tu.

Nilipojisahihisha redioni, getini walicheka mpaka redio ikakwaruza. Wiki nzima ikawa, "Mama Twiga, wanao wameshakua?"

Lakini palepale siku ile, mhifadhi alizima injini. "Huyo ni swala twiga," akasema. "Waliompa jina waliona ulichoona wewe. Ila wao walikaa wakamwangalia vizuri."

Akaniambia Wasomali wanamwita garanuug, maana yake mwenye shingo ya twiga, na Wazungu wakalichukua jina hilo. Hata neno lao la swala kwa ujumla, gazelle, limetoka kwa Waarabu, ghazal. Mimi nilidhani majina ya wanyama yanatoka kwenye vitabu vya baiolojia. Kumbe mtu alisimama juani na ng'ombe wake, akashangaa, akasema alichokiona.

Yule mwingine alikuwa bado wima kwa miguu ya nyuma, kama wewe ukianika nguo, anachuma majani ya juu ya mgunga. Kiangazi ng'ombe wanakonda huko tambarare, yeye hatafuti bwawa. Maji yake yako kwenye majani.

Umezaliwa huku juu mama, pori lote unaliona kwa chini kila siku, na hujawahi kuvuka soko la Same. Kwa hiyo kesho sisaini kwanza. Asubuhi nakuamsha, tunashuka wote, namwomba mhifadhi atupakie. Majina niliyoandika hapa yasahau. Utaniambia wewe umeona nini. Na ukiwaona wamesimama vile halafu bado useme si kazi, tutapanda gari moja kurudi, nami chuo nitaenda.