Kidole cha Hodan

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa kijana wa miaka ishirini, nilipomshika mkono dada yangu Hodan nikampeleka Dadaab. Mbuzi wetu wa Bura walikuwa wamekufa wote. Sisi ni Wakenya, lakini mgao wa unga ulikuwa kambini, na aliyeandikwa mkimbizi alipata. Hodan alikuwa na miaka kumi. Nilimwambia ataje jina la kubuni, kisha mimi mwenyewe nikakibonyeza kidole chake kwenye mashine ya alama za vidole.

"Aboowe, kaka yangu, inauma?"

"Haiumi, abaayo. Ni mara moja tu."

Tulikula. Mvua ikarudi, nikasahau.

Hodan akakua, akawa kipa. Pale uwanjani Garissa wavulana walimcheka kwa hijabu yake: "We Pazia, funga dirisha!" Wakaacha alipowadakia penalti tatu mfululizo. Kisha timu ya ligi kuu ya wanawake ikamwita kwa msimu uliokuwa unakaribia. Walitaka kitu kimoja tu, kitambulisho.

Alipokwenda kukiomba, vidole vyake vilisema yeye ni mkimbizi. Mzee wa ukoo wetu aliyekuwa kwenye kamati ya kuwahakiki waombaji hakumtazama Hodan. Alinitazama mimi.

"Waryaa, ni wewe ulimpeleka. Miaka yote hii umenyamaza kwa nini?"



Niliandika barua, nikajifunza kila fomu, nikarudi ofisini mpaka askari wa langoni akawa ananisalimu kwa jina. Rekodi ile ya kambini ilifutwa baada ya misimu mingi. Magoti ya Hodan hayakungoja. Leo anafundisha makipa wadogo, na hajanilaumu hata siku moja. Hilo ndilo linalonichosha.

Sasa umeitwa wewe, mmoja wa makipa wake, na usajili wa msimu ujao bado uko wazi. Hodan ameniambia kwamba nawe uliandikwa kambini ukiwa mdogo. Mwanangu, waliokupeleka walikuwa na njaa, usiwaonee haya. Ila usisubiri mashine ikusemee. Jumatatu chukua cheti chako cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, uende ofisi ya vitambulisho ukaseme yote mwenyewe. Nitakuwa nawe. Huenda msimu huo ukakupita, sitakudanganya. Ukinyamaza, itakupita misimu yote.

Mwenyezi Mungu akulainishie njia, akutunzie magoti, na jina litakalosomwa uwanjani siku utakayocheza liwe lako mwenyewe. Amin.