Suti ya Kumrudisha Mzee Kwao

Mzee alipougua, tulikutana nyuma ya duka lake mwenyewe kujadili namna ya kumsafirisha kwao. Alikuwa bado hajafa. Tulikalia ndoo za rangi anazouza, tukanywa kahawa yake, na mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, fundi cherehani kutoka Lubumbashi, akafungua kikao kwa sala.

Mzee ni Mnorwei. Alikuja Afrika kijana, akafunga mashine za kupasulia mbao huko kwetu Lushoto, kisha akateremka hadi Johannesburg, akafungua duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani. Kiswahili alikitoa Lushoto na hajakiacha. Mimi niliajiriwa kwake kuchanganya rangi, na nafikiri alinichukua ili apate mtu wa kubishana naye.

Ni mwenyekiti wa kamati ya wakazi tangu kabla sijafika. Hakuna anayegombea naye, kwa sababu hakuna anayeitaka kazi yenyewe. Shimo likitokea barabarani, anawapigia simu manispaa kila asubuhi mpaka wanakuja, nadhani ili wapumzike. Umeme ukikatwa na roboti, yaani taa za magari, za pale njia panda zikazimika, anavaa fulana ya kung'aa, anasimama katikati na kuongoza magari kwa mikono. Madereva wa teksi, ambao hawamtii hata polisi, wanamtii yeye.

Mwaka ule wa fujo, vijana walipita mtaa kwa mtaa wakiwaambia wageni wafunge maduka warudi kwao. Mzee alitoa kiti cha plastiki, akaketi mlangoni kwa fundi na kikombe chake. Vijana wakamwambia, "Sogea, mkhulu." Kwa Kizulu ni babu, walimwita kwa heshima kabisa. Akawajibu kwamba yeye naye ni mgeni, na kama ni kurudisha watu, waanze na yeye aliyetangulia kufika. Walicheka sana, wakaenda mtaa wa pili. Mtaa wa pili hawakuwa na bahati.

Baada ya hapo alijiunga na chama. Chama chetu ni cha Wakristo, Watanzania na Wakongo, na kina kazi moja: mwanachama akifariki, tunampeleka nyumbani. Hatujawahi kumzika mtu hapa. Kwetu, kumwacha mtu alale ugenini ni aibu, kana kwamba alikosa watu. Kwa hiyo Mzee alipoanguka pale kwenye roboti, na daktari akatuambia tujiandae, tulijiandaa.

"Norvège iko wapi juu ya karata?" aliuliza fundi.

Nikamwonyesha ramani kwenye simu.

"Eish. Kule kuko baridi sana. Nitamutilia bitana ya manyoya."

Akamshonea suti nyeusi, nzito, yenye bitana ya manyoya. Hakuna aliyeona ajabu kwamba maiti atasikia baridi. Mimi niliulizia ndege za mizigo. Nilikuwa na huzuni, lakini nikiri pia nilijisikia fahari, maana tulikuwa tukimtendea kama mmoja wetu. Kumuuliza yeye mwenyewe hakukumwingia mtu akilini. Nani asiyetaka kurudi kwao?

Mzee akapona. Alirudi dukani amekonda, akalalamika kwamba nimepanga misumari vibaya. Fundi, ambaye hajui kuficha jambo, akavuka barabara na suti mkononi.

"Papa, jaribu. Nilikisia tu kipimo."

Mzee akapapasa bitana. "Nzuri. Ya nini?"

Fundi akanitazama mimi.

"Ya safari, Mzee," nikasema. "Tulidhani unatuacha. Tulikuwa tukurudishe kwenu."

"Kwetu wapi?"

Nililisikia neno langu, kwenu, likiwa bado hewani, lilelile la wale vijana, ila mimi nilikuwa nimelisema kwa upole.

"Hata wewe," akasema Mzee. Mteja akaingia kutafuta bawaba za mlango, naye akaenda kumhudumia. Heri angenifokea. Roho iliniuma mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza hakubishana nami juu ya chochote.

Kikao kilichofuata alikuja. Aliinua mkono, akasubiri aruhusiwe, kama anavyowalazimisha watu kwenye kamati yake.

"Naomba nisipelekwe," akasema. "Kule nilikuwa kijana tu. Uzee wangu wote ni wa hapa. Mnizike hapa."

Hatukujua inafanywaje. Fundi akakuna kichwa.

"Papa, siye tunarudishaka mutu nyumbani juu kule kuko ndugu. Njo banaangaliaka kaburi, banaondoaka majani. Hapa nani ataangalia yako?"

Watu wakatazama chini. Mzee hakumtazama mtu. Alikuwa akichunguza kikombe chake kama bidhaa iliyorudishwa na mteja.

"Mimi," nikasema.

"Na wewe siku tutakutuma Lushoto?" akauliza fundi.

Kwetu, kando ya kaburi la mama, kaka zangu wameacha nafasi. Kila nikienda wananionyesha, na mimi nashukuru. Wanangu wamezaliwa Johannesburg. Wakifika Lushoto wanaamkia watu kwa Kiingereza, kisha wanauliza tunaondoka lini. Sikuwa nimepanga kusema lolote zaidi.

"Basi na mimi msinitume."

Fundi akasema haya, kikao kimesikia. Nilimfikiria kaka yangu mkubwa, ambaye kila mwaka hufyeka ile nafasi. Itabidi nimpigie simu, na sijui nitaanzia wapi.

Mzee akanisukumia kikombe. Kahawa yake haina sukari na hainyweki. Niliinywa yote.