Mwamuzi Asiyeulizwa

Kila mwaka kanisani wananiita niwaeleze vijana siri ya kufanikiwa kazini. Nakubali, maana nikikataa wanasema mzee anaringa. Nasimama mbele yao, nawaambia nilianza kama karani wa kunakili barua kwenye boma la Bukoba, enzi ya Mwingereza, na nikastaafu nikiwa na ofisi yenye zulia. Halafu nawaambia kwamba yote hayo niliyapata kwa sababu ya kriketi. Wanacheka, wengi wao hata hawajawahi kuuona mchezo wenyewe. Nawapa nusu ya habari, nusu nyingine narudi nayo nyumbani. Leo nimechoka kuibeba.

Kriketi ilichezwa Jumamosi mchana kwenye uwanja wa karibu na ziwa, Wazungu wa boma dhidi ya Wahindi wa mjini. Sisi wengine tulikuwa watu wa kukata nyasi na kupasha chai. Shida yao kubwa ilikuwa mwamuzi. Akisimama Mzungu, Wahindi wananuna. Akisimama Mhindi, Wazungu wanamaliza mchezo bila kusalimia mtu. Ndipo siku moja Bwana DC, mkuu wa wilaya, akanitazama mimi, karani wake, akasema, "Huyu hana ndugu upande wowote." Nikapewa koti jeupe la kuazima na kijitabu cha sheria za mchezo. Nilikikariri kijitabu kile kama katekisimu, chumbani kwangu Rwamishenye, wiki mbili nzima.

Kulikuwa na sheria moja iliyonishangaza. Mrushaji anarusha mpira, mpigaji anaukinga kwa gongo lake. Mpira ukigusa gongo hata kidogo, halafu ukadakwa kabla haujafika chini, mpigaji anatoka. Lakini mwamuzi hawezi kumtoa, hata awe ameona kwa macho yake mawili, mpaka upande wa pili wamuulize kwa sauti, "Vipi hapo?" Wakiuliza, anainua kidole kimoja, basi. Wasipouliza ananyamaza na mchezo unaendelea. Nilimwuliza DC kama huko si kuficha ukweli. Akasema kazi ya mwamuzi ni kujibu, si kusema.

Siku moja mpigaji alikuwa DC mwenyewe. Mhindi mmoja muuza vitambaa akarusha mpira, ukapita ubavuni mwa gongo, nikasikia tik. Ukadakwa. Aliyedaka hakusikia kitu, upepo wa ziwa ulikuwa unapeleka sauti upande mwingine, na mrushaji alikuwa mbali. Hakuna aliyeuliza. DC akanitupia jicho. Mimi nikaweka mikono nyuma, nikatazama nyasi. Akaendelea kupiga mpaka jua likapoa, Wahindi wakashindwa.

Wakati wa chai alinifuata. "Ulisikia?"

"Nilisikia, bwana."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa, bwana."

Akanipiga bega. Mwezi haukuisha, nikatolewa kwenye kunakili barua nikafanywa mkalimani wake, wa kufuatana naye kwenye mabaraza ya wilaya nzima. Mshahara ukapanda, nikanunua baiskeli. Kwetu Izimbya baba alikamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, akaita majirani wanywe, akawaambia mwanawe sasa ndiye mdomo wa serikali. Nami nilivimba kichwa, nisiseme uongo. Vijana wa kanisani huwa nawaachia hapo kwenye baiskeli.

Sasa nimseme shangazi yangu. Alikuwa dada wa baba, aliolewa Muleba, hakujaliwa mtoto. Nilipokuwa mdogo mama aliugua muda mrefu, shangazi akanichukua akanilea miaka mitatu. Nilijua kunusa moshi wa jiko lake kabla sijajua kuandika jina langu. Mumewe alipokuwa mgonjwa wa kufa, nilipanda baiskeli yangu mpya kwenda kumjulia hali. Nikamkuta ameita watu waje wasikie wosia wake. Ndivyo tulivyokuwa, sisi Wahaya: mtu haondoki kimya, anaita mashahidi wa ukoo kando ya kitanda, anatamka kila kitu chake kinakwenda kwa nani. Siku hiyo walikuwa wawili, mzee mmoja wa ukoo na mdogo wa huyo mgonjwa. Mimi nilikaa karibu na mlango, kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, natafuna punje za kahawa nilizokaribishwa. Mgonjwa akasema mke wake asitolewe kwenye kibanja kile mpaka siku atakayokufa. Migomba ni yake, mibuni ni yake, akifa ndipo kirudi kwa ukoo. Nilisikia kila neno.

Yule mzee wa ukoo akafa mwaka uliofuata. Akabaki yule mdogo wa marehemu peke yake, shemeji yake shangazi, naye akaapa kwamba hakusikia wosia wa namna hiyo, akamwambia shangazi afungashe arudi kwao. Shangazi akashtaki kwa wakubwa wa kimila. Alinitaja mimi, wakamwambia neno la mtu wa upande wa mke halihesabiki, hata hawakuliandika. Akashindwa. Ikabaki rufaa kwa DC, ikapangwa kusikilizwa Muleba, na mkalimani nikawa mimi.

Hapa ndipo nilipokosea, na sitaki mtu anitetee. Ningeingia ofisini nikasema, bwana, yule ni shangazi yangu, na wosia ule niliusikia. Angeweka mkalimani mwingine, nami ningekaa na mashahidi. Ni maneno ya dakika moja. Lakini niliogopa. Niliogopa aseme, kumbe una ndugu. Nikajidanganya kwamba nikikaa karibu na sikio lake nitamfaa shangazi zaidi, nitayavusha maneno yake yakiwa mazima, na kwamba shangazi atanitaja kama alivyonitaja mara ya kwanza. Akinitaja tu, DC atageuka aniulize, nami nitajibu. Kwenda kumwona shangazi tukapanga, sikwenda. Mkalimani haendi kwa wenye kesi. Nilituma salamu.

Baraza lilijaa. Shangazi aliketi chini kwenye mkeka wake, amevaa kanga aliyokuwa akivaa Krismasi. Aliponiona nimekaa ubavuni mwa DC, uso wake ulifunguka. Hakuniamkia, alijua mahali palivyo, ila alitulia kama mtu aliyekwisha kufika kwake. Shemeji alisema yake, nikatafsiri. Shangazi akasema yake kwa Kihaya, polepole, nikatafsiri kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho. Nadhani sijawahi kutafsiri vizuri kama siku ile. Jasho lilikuwa linanitiririka usoni.

DC akasema, "Mwulize kama ana shahidi."

Nikamwuliza. Nilimkazia macho, nikasema neno lile, shahidi, polepole. Akaniangalia, akatabasamu, akasema kwa heshima ya barazani, "Sina la kuongeza, waitu. Yaliyosemwa yanatosha."

Nilikaa na jibu lake mdomoni. DC akasubiri. Mkalimani haongezi wala hapunguzi. Nikasema kwa Kiingereza kwamba hana la kuongeza, yaliyosemwa yanatosha. Nikasubiri ageuke aniulize mimi kama kuna lolote ninalolijua. Aliandika mstari mmoja kwenye karatasi.

Tukapumzika kwa chai. Tulikuwa wawili tu nyuma ya jengo, mimi na yeye, kila mtu na kikombe chake. Nilimwomba Mungu, kweli nilimwomba, mtu huyu aniulize swali lolote. Akageuka.

"Jumamosi tuna mchezo," akasema. "Usichelewe."

"Ndiyo, bwana," nikasema.

Nimelitafuta jibu lingine miaka yote hii. Mdomo ulikuwa wangu, na kikombe hakikuwa kizito. Lakini mtu aliyepandishwa cheo kwa kunyamaza ananyamaza hata pale anapotaka kupiga kelele, na nilisimama pale nikajitazama ninavyonyamaza, nisiweze kujisaidia.

Hukumu niliisoma mimi. Nani mwingine angeisoma? DC alisema sentensi moja kwa Kiingereza, nami nikaigeuza Kihaya mbele ya shangazi yangu: kwa kuwa hakuna shahidi wa wosia, kibanja kinarudi kwa ukoo, na mjane anapewa muda wa kuvuna kahawa iliyoiva, kisha aondoke. Alinitazama akitabasamu mpaka katikati ya sentensi. Halafu akawa ananitazama tu.

Watu walipotawanyika nilimfuata nje. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wake kando ya ukuta, miguu ameinyoosha. Nikachuchumaa kwenye ncha ya mkeka. Nilitaka anipige, au anitukane mbele ya watu. Akanishika mkono.

"Usijilaumu, mwanangu," akasema. "Nilikuona ulivyohangaika. Kila nikinyamaza wewe unaendelea kumsemesha yule Mzungu kwa lugha yao, mpaka jasho linakutoka. Nikajiambia, mtoto wangu anamweleza yote, kwa nini nimwingilie? Tena mimi sijui Kiingereza. Ni yeye tu aliyekataa."

Nilianza kuchora chini kwa kidole.

"Hebu niambie, nisikie na mimi," akasema. "Muda wote ule ulikuwa unamwambia nini?"

"Maneno yako, shangazi."

"Na ya kwako?"

Gari la DC lilikuwa limeshawashwa, dereva ananiita.

"Hakuniuliza," nikasema.

Shangazi akauachia mkono wangu. Akasimama kwa shida, akanisubiri nitoke kwenye ncha ya mkeka, akaukunja.