Baiskeli Niliyobadilishana Kwenye Kona ya Tatu

Haya yalinipata mimi mwenyewe, si rafiki wa rafiki. Ya mlimani niliyaandika daftarini jioni ile ile, na yaliyofuata niliyaandika kila yalipotokea; sijapunguza wala kutia chumvi. Ukitaka kucheka, cheka. Nami ningecheka.

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Utafiti wangu unahusu mmomonyoko wa udongo, na vipimo vyangu vimesimikwa katika mashamba manane kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Machakos. Nilihitaji baiskeli ya bei nafuu ya kunifikisha huko kila juma kutoka Mumbuni, nilikopanga chumba. Barabara zenyewe ni miinuko mitupu. Lami inaisha upesi, kisha ni changarawe ndogondogo hadi juu.

Mtu mwingine angenunua na kuondoka. Mimi nilichora jedwali. Kwa siku sita nilikwenda kwa Mutiso, fundi anayeuza baiskeli za mitumba kando ya barabara, nikapima upana wa matairi, nikahesabu meno ya gia, nikanyanyua kila fremu kwa mkono mmoja. Mwishowe zikabaki mbili. Nyekundu ilikuwa na springi za mbele, lakini ilikuwa nzito, na springi za bei rahisi humeza nguvu za miguu wakati wa kupanda. Ya kijani haikuwa nazo. Fremu yake ilikuwa nyepesi, matairi mapana kiasi yenye vinundu vidogo, na gia kubwa ya nyuma ilikuwa na meno mengi, jambo linalofaa mwinuko. Kila kitu kilielekeza kwenye ya kijani. Hata hivyo nilijiuliza: nimeilinganisha vya kutosha?

"Profesa," Mutiso alinitania, "kama baiskeli inakuchukua wiki, bibi utachagua miaka ngapi?"

Mutiso ana desturi moja: anayetaka kujaribu baiskeli mlimani huacha kitambulisho chake katika kopo la maziwa lililo juu ya rafu. Siku ya saba niliacha changu, nikapanda na ile ya kijani. Ilikuwa saa kumi alasiri, mwezi wa Julai, na ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mikalitusi.

Kwenye kona ya tatu, pale mwinuko unapokaza, nilimkuta mwanamume akisukuma baiskeli ya kijani. Ilifanana na yangu kwa kila kitu, hata mkwaruzo uliokuwa chini ya usukani. Nikueleze sura yake? Niamini, nimejaribu mara nyingi. Nakumbuka viatu tu: vilikuwa vikavu, ilhali barabara nzima ilikuwa imelowa.

Tulisalimiana. Nikamuuliza anaionaje baiskeli yake.

"Bado naijaribu," akasema. "Niko na muda mrefu naijaribu. Nataka tu kufika nyumbani."

Kisha akapendekeza tubadilishane hadi juu, kila mmoja aonje ya mwenzake. Je, wewe ungekataa? Mlima mmoja, wakati mmoja, hali ya hewa moja, baiskeli mbili za aina moja: huo ndio ulinganisho nilioutafuta juma zima. Nilimshukuru. Mungu ananijua, nilimshukuru.

Nilipokanyaga mara ya kwanza, baiskeli yake iliondoka kama inayoteremka. Nikaacha kukanyaga; ikaendelea kupanda. Nikafinya breki hadi vidole vikauma; ikaendelea. Nilitaka kuruka, lakini miguu haikunitii. Kule juu ikasimama yenyewe, taratibu, kama punda aliyefika kwao. Nilipogeuka, barabara ilikuwa tupu.

Niliikokota hadi mjini kwa miguu. Mutiso aliponiona aliweka spana chini polepole.

"Wewe si umetoka hapa saa hii?" akauliza. "Umerudisha baiskeli, umechukua kitambulisho yako, ukasema unaenda nyumbani."

Ile ya kijani niliyoondoka nayo ilikuwa imeegemea ukuta, magurudumu yamelowa. Ndipo akaitazama niliyoishika, akarudi nyuma hatua mbili. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba miaka kadhaa iliyopita mtu aitwaye Kioko aliijaribu baiskeli hiyo. Waya wa breki ulikatika akiteremka, akafia kwenye kona ya tatu. Baiskeli ikauzwa kama chuma chakavu. Kitambulisho chake kilibaki koponi, kwa kuwa hakuna wa kwao aliyekuja kukichukua. Sasa ndicho pekee kilichokuwemo.

Nilikipeleka kwa karani wa vitambulisho, nikasema nimekiokota. Akaitazama picha, akanitazama mimi, akanirudishia.

"Ni yako. Shida iko wapi?"

Nikasafiri hadi Ekalakala, kwa mama yangu. Mbwa niliyemlea kwa mikono yangu alinibwekea kama mwizi. Uani, mtu aliyevaa koti kama langu alikuwa amenipa mgongo, akipukuchua mahindi, na mama alikuwa akicheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu baba afariki. Akaja langoni kuona mbwa anabwekea nini. Nilifungua mdomo nitaje jina langu, nikajikuta sina hakika ni lipi.

"Karibu, mgeni," akasema kwa upole. "Unatafuta nani?"

Nilisema nimepotea njia.

Utafiti umesimama. Ile baiskeli nimeitupa korongoni mara mbili, na mara mbili nimeikuta imeegemea mlango wangu, kavu kabisa.

Basi wewe unayetafuta baiskeli ya bei nafuu kwa vilima vyetu, angalia gia, angalia matairi, na ujaribu breki kabla ya kupanda. Ukishachagua, ridhika. Na iwapo alasiri ya ukungu utamkuta mtu kwenye kona ya tatu akisukuma baiskeli ya kijani, akikuomba mbadilishane, kataa. Kataa hata akikuambia kwamba ni mwanafunzi. Kataa hata akilia. Nimejizuia mpaka sasa, lakini jana nilijikuta nimesimama pale, na sikumbuki kuondoka chumbani. Mama yangu anazeeka, nami nataka tu kufika nyumbani.