Upande Aliolazwa Baba

Nafundisha fizikia katika shule moja ya Kitale, na jioni nikirudi nyumbani Kibomet huketi na hesabu za shahada yangu ya pili. Ni hesabu za utupu. Ukichukua vibao viwili vya chuma visivyo na umeme, ukavisogeza karibu sana mahali pasipo na hewa wala chochote, vitasukumwa vikaribiane. Hakuna anayevisukuma. Utupu wenyewe ndio unaosukuma, kwa kuwa si mtupu kama tunavyodhani. Niliwahi kulisimulia jambo hili kwenye chumba cha walimu, wakanicheka mpaka kengele ikalia.

Kazi yangu inauliza swali la ziada. Itakuwaje kama ulimwengu hauchukulii pande zote kuwa sawa? Kama ndani ya utupu kuna upande mmoja unaopendelewa, basi ile nguvu itabadilika ukivigeuza vile vibao. Hakuna aliyewahi kuupata upande huo. Tunauandika kwa herufi moja tu, kisha tunapiga hesabu kana kwamba upo.

Baba alifariki mwaka jana, nikiwa katikati ya hesabu hizo. Alikuwa ameusia azikwe shambani kwetu Bumula, kule Bungoma, na kijijini pale Waislamu ni sisi peke yetu. Mjini wachimbaji hufuata kaburi la jirani, hawapimi kitu. Kwetu hapakuwa na la kufuata. Mawingu yalikuwa yamefunika jua na hata mlima ulio kaskazini yetu, na watu walitaka tuzike kabla ya Alasiri.

"Mwalimu, si utupimie kibla na hiyo simu yako," mchimbaji mmoja aliniambia. "Hapa hakuna kaburi ingine ya kuangalia."

Nikafungua dira ya simu ikiwa ndani ya kifuniko chake, nikawachorea mstari kwa jembe. Mchimbaji akakuna kichwa.

"Lakini Mwalimu, si Maka iko upande ya mlima? Hii ni kama imepinda, bana."

"Wewe chimba," nikamjibu kwa ukali, mbele ya watu wote. "Simu haidanganyi."

Baba akalazwa kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, ule mfereji mwembamba ulio chini ya kaburi. Mbao zikapangwa juu yake, kisha udongo. Kati ya mbao na mwili wake palibaki nafasi ya shubiri chache, haina kitu.

Mwezi uliopita, nikiwa mezani kwangu, nilifungua dira hiyo tena nikipima kwa mchezo tu meza inaelekea wapi. Kioo kilikuwa na vumbi, nikaitoa simu kwenye kifuniko chake cha ngozi ili niipanguse. Mshale ukageuka polepole, wenyewe, ukatulia kwingine. Nikairudisha simu kwenye kifuniko, mshale ukarudi. Kifungio chake kina sumaku. Na mimi ndiye ninayewafokea watoto wa kidato cha pili wakiweka dira karibu na sumaku.

Tangu siku ile niliziogopa hesabu zangu. Nikichora vibao viwili naona ubao na kifua, na ule utupu katikati ukisukuma. Nikibadilisha pembe kwenye karatasi, namsikia baba akijaribu kugeuka.

Jumamosi nilienda Bumula na dira ya maabara. Nilipima kaburi mara tatu. Lilikuwa nyuzi arobaini nje ya kibla.

Nilipoingia ndani ya nyumba, Mama alikuwa anatandika msala wake. Aliutandika mshazari katikati ya sebule, sambamba kabisa na mstari niliouchora mimi.

"Mama, mbona hivyo? Si ulikuwa unaelekea dirishani?"

"Zamani nilikuwa nakisia tu, mwanangu. Wewe ndiye ulipima. Tangu siku ile nageukia penye baba yako amegeukia."

Nilimwambia yote, sumaku na ule ukali wangu. Nililia. Mama hakulia, wala hakunigombeza. Aliinama akaugeuza msala kidogo kidogo, akingoja niseme basi, kisha akaswali. Alipotoa salamu hakuinuka. Alibaki akiutazama ukuta wa upande wa kaburi.

"Mimi umeniambia, nimegeuka," akasema. "Sasa yeye, nani atamwambia?"